Sephiroth na yule nyoka mtini

Jana usiku nimemaliza mchezo wa video Final Fantasy VII, ule wa 1997, na swali halinitoki: Sephiroth, adui mkuu wa mchezo, anastahili kuogopwa kiasi kile? Kwenye pambano la mwisho aliita Super Nova, pigo lake kubwa, sayari zikapasuka, roho ikawa mkononi. Kumbe pigo lile linakata sehemu tu ya uhai ulionao, peke yake haliui!

Ila mimi hofu ilinianza mapema, kule kinamasini. Nyoka Midgar Zolom alishatupiga vibaya, tukavuka mbio juu ya chocobo, ndege mkubwa wa kupandwa. Ng'ambo tukamkuta mwenzake mkubwa vilevile ametungwa mtini kama mshikaki. Kazi ya Sephiroth hiyo, na mwenyewe hayupo, alipita tu. Pale niliogopa kweli. Ya Aerith, mwenzetu aliyeuawa na Sephiroth, siigusi, bado inauma.