Mstari wa Kijani kwenye Nguzo

Jana usiku umeme ulikatika, mwanangu akawasha tadoba. Harufu ya mafuta ya taa ilipopanda tu, nikajikuta Masese, Jinja, Uganda, kando ya Ziwa Viktoria, 2006, mwaka wa mtihani wangu.

Mwaka ule Jinja tulikuwa tukipata umeme usiku mmoja, unaofuata giza. Mvua zilikuwa haba, na bwawa la umeme, pale Nile inapotoka ziwani, likipitisha maji mengi kuliko kile kipimo cha zamani kilichoafikiwa na Misri: ziwa likiwa kimo fulani, mtoni yaende kiasi fulani, kama yalivyokuwa yakienda yenyewe kwenye maporomoko ya Ripon kabla ya bwawa kukamilika 1954. Ziwa likashuka zaidi ya mita 1.

Jumamosi moja baba akanichukua hadi mwaloni.

"Vua viatu," akaniambia, kwa mazoea, kisha akanyamaza. Hapakuwa na maji ya kulowesha viatu. Tukakanyaga tope lililokauka na kupasuka, magamba ya konokono yakivunjika chini ya nyayo zetu. Nguzo aliyozoea kufungia mtumbwi ilisimama nchi kavu. Akaushika mkono wangu, akauweka kwenye mstari wa kijani uliokaukia pale, usawa wa bega langu.

"Hapa ndipo alipokuwa."

Alisema *alipokuwa*, kama mtu anayetaja marehemu.

Simu ikalia. Mjomba, kutoka Dunga, Kisumu, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia: "Shemeji, mitumbwi yetu imelala kwenye tope! Mnatumalizia ziwa ninyi!"

"Na sisi tuko gizani, shemeji. Mtoto anasomea tadoba."

Kimya. Kisha mjomba akauliza polepole, "Lakini anasoma vizuri?"

Usiku ule umeme ukarudi. Mtaa mzima ukapiga vigelegele, nami nikapiga. Baba akaipuliza tadoba, akabaki ameishika mkononi, akiitazama balbu.

2020 ziwa lilifurika, likaimeza ile nguzo. Na ule mkataba wa Bonde la Nile, uliotiwa sahihi Entebbe 2010, ulianza kutumika Oktoba 2024. Unasema maji yatumike kwa haki baina ya nchi zote. Nimeusoma mara mbili, nikitafuta Jumamosi ile haki kubwa ilikuwa ya nani, ya mtumbwi wa mjomba au ya daftari langu. Bado sijaiona.