Siku moja maishani mwangu: Kibirizi, bandarini, kisha Geneva kwa simu

Saa 11 alfajiri

Barua yangu ya utarajali inasema nitasaidia uchambuzi wa viwango vya kimataifa vya kazi kwa wafanyakazi wa usafirishaji na majini. Mtu akisoma hivyo anaona ofisi yenye kiyoyozi. Mimi naanzia mwaloni Kibirizi, Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kukiwa bado giza, kwa sababu ninaowaandikia hawana saa za ofisi, na jua likishatoka vizuri hakuna anayeweza kusimama aongee na mtu mwenye daftari.

Ni mwisho wa Agosti. Ziwa limeshafunguliwa baada ya mapumziko ya uvuvi, utaratibu ulioanza mwaka 2024 lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na mwalo umechangamka. Wanaume wanarudi na karabai zao, kina mama wanapatana bei ya dagaa kabla beseni halijagusa mchanga. Pembeni kidogo kuna maboti ya mizigo na abiria yanayokwenda vijiji vya kaskazini, na hapo ndipo walipo watu wangu wa leo: wapagazi.

Boti kubwa ya mbao haiwezi kusogea hadi nchi kavu, hivyo mpagazi anaingia majini mpaka kiunoni. Anainama, anaweka mikono magotini, ngata imekaa kati ya shingo na bega. Wenzake wawili wanainua gunia na kumtua nalo taratibu. Kabla hajapiga hatua ya kwanza anatulia kidogo, unaona misuli ya mapaja inatetemeka, kisha anaanza kutembea bila kuinua nyayo, anaburuza, maana chini kuna mawe yenye utelezi na akikosea hatua moja gunia linamfuata.

Leo nilimwomba mama mmoja mwenye mizani atupimie gunia la mahindi lililojazwa lumbesa, lile lenye kilemba cha wavu juu. Mizani ikasoma kilo 113. Yule kijana aliyelibeba akacheka, akaniambia, "Dada, hilo ni la kawaida."

Nimeliandika neno lake kama lilivyo, kwa sababu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 127 kuhusu uzito wa juu wa mzigo, unaosema mfanyakazi asibebeshwe kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake. Pendekezo Namba 128 lililokwenda nao linataja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima, na kama nchi inaruhusu zaidi ya hapo, ichukue hatua za haraka kushuka. Kijana wa Kibirizi amebeba mara mbili yake na zaidi, na analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Mwenye mali naye anatozwa nauli na ushuru kwa gunia, ndiyo maana anajaza mpaka mshono unalia. Wakala wa Vipimo wamepiga vita lumbesa miaka mingi kwa hoja ya mkulima anayepunjwa, na ni hoja ya haki. Lakini mgongo wa anayelibeba gunia hilo hautajwi sana, na mimi nataka utajwe.

Saa 3 asubuhi

Ofisi yetu iko Mwanga, chumba kimoja cha chama cha wafanyakazi, meza mbili, kabati la mafaili na feni. Katibu ni mtu mzima aliyefanya kazi ya reli kabla ya kuingia kwenye chama. Nikiingia namwamkia shikamoo, ananiuliza nimekula nini, halafu ndipo tunaongea kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Nchi ikisharidhia mkataba wa kazi, serikali inatakiwa kupeleka ripoti Geneva, makao makuu ya Shirika la Kazi Duniani, kueleza namna inavyoutekeleza. Katiba ya Shirika la Kazi Duniani, Kifungu cha 23, inaitaka serikali iwape nakala wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi, na chama cha wafanyakazi kina haki ya kupeleka maoni yake. Yanapokelewa hadi 1 Septemba. Mwisho wa mwaka Kamati ya Wataalamu ya shirika hilo inakaa, inasoma, inauliza serikali maswali. Swali likishaandikwa na kamati hiyo halifutiki kirahisi, litarudi kwenye ripoti inayofuata na inayofuata. Ndiyo nguvu ya kipande cha karatasi ninachoandaa: kinaweza kugeuka swali.

Nafungua Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006. Ni mkataba mkubwa kweli. Ulipitishwa Februari 2006, ukaanza kutumika 20 Agosti 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2019. Una kila kitu baharia anachohitaji: mkataba wa ajira wa maandishi, mshahara kila mwezi, chakula na matibabu bure akiwa melini, kurudishwa kwao, kutotozwa hela ili apate kazi, kutoajiriwa chini ya miaka 16. Kisha unafika Ibara ya II, inapoelezwa meli ni nini, na unakuta kwamba meli inayosafiri kwenye maji ya ndani ya nchi kavu pekee haimo.

Kwa hiyo baharia wa Dar es Salaam yumo. Wa Tanga yumo. Wa Kigoma hayumo. Meli yetu kongwe, Liemba, iliingia majini hapa mwaka 1915, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927, na vizazi vya mabaharia vimeivusha hadi Mpulungu, Zambia. Kwa maana ya ibara hiyo, Liemba si meli.

Saa 5 asubuhi

Bandarini. Getini naandikisha jina, navaa fulana ya kuakisi na kofia ngumu, natafuta kivuli. Saruji inapakiwa kwenda Burundi, vumbi lake linakaa kwenye kope.

Niliahidiwa nusu saa na baharia mmoja wa chombo cha mizigo kinachovuka kwenda Kalemie, Kongo. Ni mtu wa makamo, ananiita mdogo wangu. Nikamwomba anipe saa zake za safari iliyopita, moja baada ya nyingine, nami nikaziandika mbele yake ili aone. Kupakia, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Kung'oa nanga saa 12. Zamu yake ya usukani, saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kufika, kufunga kamba, na saa 2 asubuhi anaanza kushusha mzigo.

Tukajumlisha. Saa 9 za kupakia na 6 za zamu ni saa 15 ndani ya saa 24. Mkataba wa 2006 unataka kazi isizidi saa 14, au mapumziko yasipungue 10. Yeye amebakiwa na 9, na hapo hatujahesabu kufungua kamba, kupika na kutoa maji chini ya injini, ambavyo aliviita "vitu vidogo vidogo". Kwa bahari ya Hindi, mkaguzi wa bandari angekuwa na la kusema. Hapa anayelisema ni mimi na daftari langu.

Akanisimulia pia kuhusu mwenzake. Injini ilikufa upande wa pili, mwenye chombo akasema subirini, wakasubiri mpaka akiba ikaisha. Jamaa akarudi Kigoma kwa boti ya abiria, nauli aliyokopa. Baharia wa baharini angedai kurudishwa kwao kwa gharama za mwenye meli. Huyu hakuwa hata na karatasi inayoonyesha kwamba aliajiriwa.

Hilo la karatasi ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu halihitaji Geneva. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 tunayo. Inakataza kazi ya zaidi ya saa 12 kwa siku hata pamoja na saa za ziada. Inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kama mfanyakazi wa chombo cha majini. Amri ya kima cha chini cha mshahara ina kundi lake la uvuvi na huduma za majini. Ila ukiwauliza kumi bandarini mikataba yao iko wapi, wanakutajia jina la tajiri.

Saa 8 mchana

Ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese kwa mama lishe karibu na reli. Naongeza pilipili, nakunywa maji mengi, natembea kurudi ofisini.

Saa 9 alasiri

Kikao kwa mtandao: makao makuu Dar es Salaam, na dada mmoja mwanasheria aliye Geneva, ambako sasa hivi ni saa 8. Alisoma rasimu yangu jana. Swali lake lilikuwa la moja kwa moja: haya ni maji ya ndani, kwa nini unayaleta kwenye mkataba wa bahari?

Nikamjibu kwamba Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470. Linagusa nchi nne. Chombo kikitoka Kigoma kwenda Kalemie, Bujumbura au Mpulungu kimevuka mpaka wa kimataifa na kugonga mihuri ya uhamiaji, na kusi likivuma mawimbi hayaulizi kama maji yana chumvi. Burundi na Zambia hazina bahari kabisa. Kama baharia ni wa bahari tu, basi Mrundi anaweza kufanya kazi melini maisha yake yote asiwe baharia hata siku moja. Tena mwaka 2003 nchi hizi nne ziliweza kukaa Dar es Salaam na kusaini mkataba wa kulitunza ziwa lenyewe, maji yake na viumbe wake. Kilichowezekana kwa samaki kinawezekana kwa anayewavua na anayewavusha.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema hatuwezi kuidai Ibara ya II iseme isichosema, na hapo yuko sahihi. Akanielekeza pengine: hakuna kinachoizuia nchi kuwapa mabaharia wa ziwa haki zilezile kwa sheria na kanuni zake yenyewe. Kwa hiyo maoni yaombe serikali ieleze ni kinga gani wanayo wale walioachwa nje ya mkataba, na yaambatanishwe na ushahidi wa saa za kazi. Hoja ya wapagazi iende peke yake, chini ya afya na usalama kazini, ambao tangu 2022 umehesabiwa miongoni mwa haki za msingi kazini ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, iwe imeridhia mikataba yake au la.

Hapo nilikaa wima. Maana yake kijana wa Kibirizi ana mlango wake mwenyewe, hahitaji kuitwa baharia ili aingie.

Saa 11 jioni

Napitia stendi kuwaona madereva wa mabasi. Mkataba Namba 153 wa 1979 unasema mtu asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku. Wanaolala ili waondoke usiku hawapendi kuamshwa, nimeongea na mmoja tu. Madereva wanastahili siku yao.

Saa 3 usiku

Nyumbani Katubuka, naandika upya. Katibu amenipigia, ananishauri niwatoe wapagazi, karatasi isije ikaonekana imechanganya mambo. "Hao si mabaharia, mwanangu." Nikamwambia ni kweli, katibu, ndiyo maana nimewapa sehemu yao, na kilo 113 nimeziweka mstari wa kwanza. Akakaa kimya, akauliza nani alishuhudia ile mizani. Nikamtajia yule mama. Akasema basi kesho twende wote, tumwombe aandike kwa mkono wake, na tupime magunia mengine kumi, lisije likaitwa gunia moja la bahati mbaya.

Nimeongeza ukurasa wa saa za yule baharia, bila jina lake wala la chombo, kama alivyoniomba. Bado nahitaji mabaharia wengine wanne wakubali kuhesabiwa saa zao kabla faili halijapanda Dar es Salaam. Wawili wanatia nanga keshokutwa alfajiri.