Mplamu Uliochanua Bila Kuzaa: Jinsi Nilivyotatua

Mplamu wangu hapa Lushoto, mkoani Tanga, ulijaa maua meupe kila msimu, kisha vitunda vichanga vikapukutika vyote. Mbolea na maji havikubadilisha kitu. Tatizo lilikuwa uchavushaji: plamu nyingi za asili ya Kijapani, kama wangu, hazijichavushi zenyewe, hutaka chavua ya aina nyingine inayochanua wakati huohuo. Plamu za Ulaya hazifai kwa kazi hiyo. Zina kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 48, za Kijapani 16, hivyo haziendani.

Shamba langu la mteremkoni halina nafasi ya mti wa pili, hivyo nikabebesha aina ya pili kwenye mti uleule, yaani nikaunganisha vijiti vyake kwenye tawi ili vikue hapo. Jirani alinipa vijiti hivyo, yaani vikonyo, vya Santa Rosa, aina ya plamu aliyoitoa mzalishaji wa mimea Luther Burbank huko California mwaka 1906. Tulivikata mti wake ukiwa umepukutisha majani, vyenye unene wa penseli. Nikavichonga kama kabari, nikavichomeka kwenye tawi nililolipasua. Hapa usiharakishe hata kidogo: ukijani ulio chini ya ganda la kikonyo lazima ugusane na ule wa tawi, japo upande mmoja. Kisha funga kwa nailoni, kaza, hewa na maji visiingie.

Vilishika, ila matawi ya zamani yakaanza kuvifunika. Nikayapogoa mara kwa mara mwanga ufike. Naamini hapa ndipo miti mingi ya aina mbili hupotea: watu wanabebesha vizuri, halafu mkasi wanauweka kabatini.

Santa Rosa ilipoanza kuchanua, matunda yalibaki mtini hadi kuiva, pande zote mbili. Tawi jipya nimelifunga utepe mwekundu, anayepogoa asilikate.