Siku niliyosomeshwa maneno yasiyokuwepo

Juzi binti yangu kaniuliza, baba mbona meseji ndefu wewe huzisomi, unaifanya simu ikusomee? Nikamjibu masikio yangu yana haraka kuliko macho, akacheka akaenda zake, mimi huku nikaanza kuwaza ile siku niliyopimwa disleksia, yaani ule ugumu wa kusoma na kuandika.

Ilianza baada ya kupewa cheo kazini. Mzigo wote wa stoo naujua kwa kichwa, nani kachukua nini na lini, ila ripoti ya wiki inanikesha. Bosi akasema mzembe huyu, wengine wakasema ni pombe, ndo yule HR mpya akawaambia kabla hamjamwandikia barua mpelekeni akapimwe.

Mpimaji mama mmoja mpole. Kaniwekea karatasi mezani, akasema soma kwa sauti, haya siyo maneno ya kweli. Naangalia: bwashiko, ng'atumbe, mpwerizo. Sasa mimi miaka yote nasoma kwa kubahatisha, naona neno linavyoanza, naona sentensi inakoelekea, namalizia mwenyewe. Pale utabahatisha nini? Nikaishika ng'a, nikaenda kwenye tu, nikija mbe ng'a imeshaniponyoka, narudi upya. Jasho hilo! Yeye kidole kwenye saa, kimya. Na eti karibu yote niliyapatia, ila taratibu mno. Akaniambia ndo maana shuleni hakuna aliyenishtukia: kwenye lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa, mfano Kiswahili, mwenye disleksia hakosei ovyo kama anavyokosea kwenye Kiingereza, anachelewa tu, usipompima muda humwoni. Halafu akanitajia tarakimu nizirudishe kinyumenyume, 4, 7, 2, 9, 5, nikapotea kabisa, mtu mzima na ndevu zangu. Mafumbo ya picha ndo nilijipoza nayo, yale niliyamaliza chapchap mpaka akatabasamu. Akasema akili haihusiki hapa, na kwamba mara nyingi hii kitu inatembea kwenye familia. Nikamkumbuka mzee wangu, gazeti alikuwa hashiki.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Maelekezo nikawa natumiwa kwa sauti, kompyuta ikawekewa programu ya kusoma, ripoti ikapewa fomu yenye vichwa vya habari tayari, mimi najaza. Majibu ya vipimo yenyewe yalikuja kurasa kibao, herufi ndogo zimebanana, sijui aliyeyapanga alidhani anamwandikia nani! Programu ndo ikanisomea.

Minong'ono ya kupendelewa haikukosekana. Aliyenung'unika kuliko wote ndo alinifuata pembeni akaniomba ile fomu, na haukupita muda idara nzima wakawa wanaitumia. Kwa hiyo mpaka leo sijui, tatizo lilikuwa mimi au ripoti yao ya zamani? Ila zile tarakimu jamani, zile hata fomu haiwezi kuniokoa.