Kutoka Fujiidera kupanda Shosanji

Njia ya mahekalu 88 inazunguka kisiwa cha Shikoku, Japani, kwa kilomita zipatazo 1,200. Mimi na rafiki yangu tulitembea kipande cha mkoa wa Tokushima. Yeye ni mzaliwa wa Osaka na Kiswahili alikisomea chuoni huko huko. Tangu tulipojuana Dar es Salaam huniita dada.

Hekalu la kwanza, Ryozenji, tulinunua vizibao vyeupe, kofia za msonge na fimbo. Fimbo ndiyo Kukai mwenyewe, mtawa aliyezaliwa kisiwani humo mwaka 774, akaenda kusoma China na kurudi na mafundisho ya Shingon, madhehebu ya Kibuddha. Mahujaji huamini anafuatana na kila mmoja wao. Kwa hiyo ukifika nyumba ya wageni unaosha kwanza ncha ya fimbo, miguu yako baadaye. Darajani huigongi chini, kwani husemwa Kukai aliwahi kulala chini ya daraja, na hatakiwi kusumbuliwa.

Mahekalu kumi ya mwanzo yamekaribiana, kando ya bonde la mto Yoshino, na hayachoshi. Kazi inaanzia nyuma ya hekalu la 11, Fujiidera. Kutoka hapo hadi Shosanji, hekalu la 12, ni kama kilomita 13 za msitu wa mierezi: unapanda, unashuka, unapanda tena. Pale Joren-an, kihekalu cha njiani, ngazi zinapoishia, sanamu kubwa ya Kukai imesimama mbele ya mwerezi wa kale. Ukidhani umemaliza, njia inakuteremsha hadi bondeni kabisa, ndipo mlima wa Shosanji unaanza upya.

Huko bondeni mzee mmoja alitoka shambani na machenza, akatukabidhi. Nilitaka kumshukuru tu na kumrudishia.

“Dada, usikatae,” mwenzangu akaninong’oneza. “Pokea kwa mikono miwili. Anampa Kukai pia.”

Sadaka hiyo huitwa osettai. Hujaji naye hutoa kikaratasi chenye jina lake. Kwangu mimi, osettai ndiyo inayoifanya njia hii iwe hai. Majengo peke yake yasingetosha. Mzee yule hakutuuliza dini wala tutokako.

Shosanji iko mita 700 hivi juu ya bahari. Mwenzangu akawasha mshumaa na vijiti vitatu vya ubani, akamsomea marehemu baba yake Sutra ya Moyo, andiko fupi la Kibuddha. Mimi ni Mwislamu. Nilisimama nyuma yake kwa adabu, nikamwombea subira.

Kisha akafungua daftari la mihuri, ambalo hujaji hugongewa kila hekalu. Lilikuwa la baba yake, aliyewahi kupita hapa. Anayerudi na daftari lile lile hugongewa mihuri mipya juu ya ya zamani, na ndivyo ilivyofanywa: nyekundu mbichi juu ya nyekundu iliyopauka. Alilishika wazi mpaka wino ukakauka, akaniambia Dainichiji, hekalu la 13, ni zaidi ya kilomita 20, ila sehemu kubwa ni mteremko.