Ratirodi: nilivyojifunza kununua na kuuza mnadani mtandaoni

Siku trela ilipoliteremsha lile gari mbele ya gereji yangu hapa Columbus, Ohio, Marekani, nilitandika katoni chini, nikalala chali na tochi mkononi. Kwa juu lilikuwa linapendeza: bodi ya Ford Model A ya mwaka 1930, paa limekatwa na kushushwa, kutu nyekundu kama udongo wa Lushoto, injini ya Chevrolet V8, yaani ya silinda nane, iko wazi bila boneti. Chini kulikuwa na mambo mengine. Pale fremu ilipoungwa, mshono wa kuchomelea ulikaa juu ya chuma kama nta ya mshumaa iliyodondokea sahanini. Nikapitisha mswaki wa waya. Rangi nyeusi ikabanduka, na nyuma yake ikatoka puti, ile ya kuzibia mabonde ya bodi kabla ya kupaka rangi. Mtu alikuwa amepaka puti kwenye fremu, mahali panapobeba uzito wa gari zima.

Nilikuwa nimeshalipa dola 6,200, na dola 850 za kulisafirisha kutoka Missouri, kwa kutazama picha tu kwenye mnada wa mtandaoni.

Ambaye hajawahi kuona ratirodi ajue ni gari la kizamani linaloundwa nyumbani kwa vipande vya magari mengine: bodi ya hili, injini ya lile, difu ya lori, wakati mwingine hata kiti cha trekta, na kutu yake inaachwa ionekane. Chimbuko lake ni vijana wa California ambao, kabla na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walinunua Ford zilizochakaa kwa bei ya chini, wakazivua madigadi, wakaenda kushindana mbio kwenye maziwa makavu kama El Mirage. Baadaye magari ya namna hiyo yakageuka vitu vya maonyesho, rangi ya kung'aa na bei ya kutisha, ndipo mafundi wa uani wakarudi kwenye chuma kitupu. Mimi nimekulia gereji ya mjomba wangu Tanga, nikiona Land Rover moja ikifufuliwa kwa spea za magari matatu. Nilipoiona ratirodi ya kwanza ikipita barabarani huku, moyo wangu uliitambua.

Jirani yangu gereji ni mzee wa Lubumbashi aliyechomelea chuma maisha yake yote. Nilimwita aje atazame. Alipapasa mshono kwa kidole gumba, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, hii haikuungua ndani. Imebandikwa."

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Kata."

Kabla ya kukata, alinituma niingie ndani nizungushe usukani huku yeye akiwa chini na tochi. Kisha tukabadilishana, nami nikajionea. Boksi la stelingi lilikuwa limefungwa kwenye kibamba chembamba, na usukani ulipozungushwa, kile kibamba kilipinda kwanza, ndipo tairi likafuata. Kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, upindaji ule mdogo ndio unaompeleka mtu mtaroni. Niliwaza watoto wangu waliokuwa wameomba niwazungushe mtaa mzima jioni ile.

Tatizo la magari haya huanzia hapo. Model A ilitoka kiwandani na injini ya silinda nne yenye nguvu ya farasi 40. Fremu yake ni chuma chembamba kilichokunjwa kama herufi C, na kwa kazi ile kilitosha. Mtu akiweka V8 ya lita 5.7 bila kuziba ule upande ulio wazi kwa bamba, fremu inajisokota kila anapokanyaga mafuta, na mshono dhaifu unaanza kupasuka kidogo kidogo. Tulikata maungio yote manne, tukasaga kingo ziwe na mteremko ili moto ushuke hadi ndani, tukachomelea upya na kuziba pande zote. Masta silinda, inayosukuma mafuta ya breki, ilikuwa ya kizamani, ya chumba kimoja, ambayo bomba moja likitoboka huna breki hata kidogo. Nikaweka ya vyumba viwili. Boksi la stelingi nikalitengenezea bamba jipya nene, nikalifunga kwa bolti zilizopita fremu upande hadi upande. Kazi ilichukua miezi mitano ya jioni na Jumamosi.

Nikiwa kwenye kazi ile nilizirudia picha za mnada. Zilikuwa 40. Nilizihesabu mara mbili. Zote zilipigwa kutoka ubavuni, mbele na nyuma, jua likizama. Ya chini haikuwapo hata moja, na mimi sikuuliza.

Siku hizi sitii dau kabla sijatumiwa vitu vichache. Naomba picha za uvungu, hasa maungio ya fremu na vishikio vya ekseli. Naomba video ya injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, mkono ukiwa juu ya kifuniko chake kwanza ili nijue haikupashwa moto kabla. Naomba video ya mtu akizungusha usukani wakati kamera inatazama boksi la stelingi. Muuzaji aliyejenga vizuri hufurahi kuombwa hayo. Wengine hutuma picha 30 nyingine za kutu. Akikaa kimya, naachana naye hata kama gari limenikaa moyoni, na yapo mawili ambayo bado nayakumbuka.

Kutu yenyewe ina ukweli wake na uongo wake. Kuna wanaomwagia bati jipya chumvi na siki ili lizeeke kwa wiki moja. Kutu ya miaka haitapakai sawasawa. Rangi inalika kuzunguka kitasa, pale mikono iliposhika, na ukingoni mwa mlango ambako kiwiko cha dereva kilipumzika, na juu ya bodi ambako jua limepiga. Chini ya fremu ya dirisha rangi ya kiwandani hubaki imefichika. Nikipata gari la namna hiyo nalisugua polepole, nalipaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, basi.

Halafu makaratasi, na hapa ndipo watu hulia kweli. Namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 ilianza kutumika Marekani mwaka 1981. Model A ina namba fupi iliyogongwa kwenye injini na juu ya fremu upande wa kushoto, mahali panapofunikwa na bodi. Injini ya asili ikishaondolewa, ushahidi unaobaki ni ule wa kwenye fremu. Wapo wanaonunua hati ya umiliki ya Ford ya 1930 peke yake, wakaibandika kwenye gari lililojengwa jana kwa mabomba mapya. Ukilinunua hilo, tatizo linahamia kwako. Gari likiwa limeundwa na mtu mwenyewe, hapa Ohio linapelekwa kukaguliwa na polisi wa barabara kuu wa jimbo, na wanataka risiti za spea kubwa. Kwa hiyo naweka kila risiti kwenye faili, hata ya kipande cha bomba. Hati nayo husainiwa mbele ya notari, ofisa wa kushuhudia saini, kwa hiyo "nimekwisha saini, ije kwa posta" huwa siikubali.

Mwaka uliofuata nililipeleka lile lile mnadani. Nilipiga picha 186. Zaidi ya 50 ni za uvungu, mshono mmoja mmoja, pamoja na zile za mwanzo zenye puti, nikaeleza nilikuta nini na nilifanya nini. Nikaandika kwamba paa limeshushwa inchi nne, dereva mwenye urefu unaozidi futi sita atainamisha kichwa. Kwamba hakuna hita. Kwamba kipimo cha mafuta kinadanganya tangi likifika robo. Rafiki yangu aliniambia, "Kaka, unajichimbia." Nikaiacha kama ilivyo.

Siku ya tatu akajitokeza mtu aliyetaka nifunge mnada mapema, anitumie hundi ya pesa zaidi ya bei, kisha ile ziada nimpelekee msafirishaji wake. Huo ni wizi unaojulikana: hundi hugunduliwa ni bandia pesa zako zikiwa zimeshaondoka. Sikumjibu. Waliobaki waliuliza maswali ya kweli. Springi za nyuma zimetoka gari gani? Giaboksi inavuja? Niliyajibu yote usiku huo huo, mengine kwa video.

Kuna minada, kama ya eBay, inayofungwa kwa sekunde iliyopangwa, na watu huvizia hadi mwisho kabisa ndipo watie dau. Huu wangu ulikuwa wa namna ya Bring a Trailer, tovuti ya kunadi magari: dau likiingia ndani ya dakika 2 za mwisho, saa inarudishwa nyuma. Zilipobaki dakika 3 bei ilikuwa dola 8,700, chini ya bei niliyokuwa nimeificha ya 9,000, ambayo isipofikiwa siuzi. Mke wangu alisimama nyuma ya kiti changu bila kusema neno. Watu wawili wakaanza kupandishana. Saa ilirudi nyuma mara tisa. Ikasimama kwenye 13,400.

Aliyeshinda alitoka Indiana na trela lake Jumamosi, mtu mzima, mikono ya fundi. Alinipa mkono, akauliza kama nina katoni. Nikamtandikia. Akalala chali, akawasha tochi, akakaa huko chini karibu nusu saa akienda kutoka mshono hadi mshono, nami nikamsikia akigonga kwa ukucha. Kisha akaniita kwa sauti, niingie ndani nimzungushie usukani.