Maboga, Mizuka na Maji ya Aisingi

Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Oktoba inapokaribia, meza yetu ya chakula hapa Minneapolis, Marekani, hugeuka kuwa kiwanda kidogo cha biskuti. Huu ni mwaka wa saba ninaoka biskuti za Halloween pamoja na wanangu wawili, na kwa kuwa akina dada kadhaa wa kanisani wameniuliza ninavyofanya, nimeona niyaandike kwa utulivu yale ambayo mikono yangu imejifunza. Jambo moja nalitanguliza, kwa sababu ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulielewa: ugumu wa biskuti hizi hauko kwenye oveni, uko kwenye maji. Maji unayoyatia kwenye aisingi, yaani ule urojo wa sukari unaopambia biskuti, na maji yanayopaswa kukauka kabla hujaweka rangi ya pili, ndiyo yanayoamua kama utapata boga lenye sura ya boga au doa tu la rangi ya chungwa.

Mimi nilijifunza kuoka Tanga, kwa sufuria iliyopaliwa mkaa chini na juu ya mfuniko, na biskuti tulizozijua zilikuwa za duara, zenye hiliki, za kuchovya kwenye chai. Hakuna aliyefikiria kuzichora macho. Halloween nilikutana nayo Oktoba yangu ya kwanza huku, jioni ya tarehe 31, watoto wa mtaani walipogonga mlango kuomba peremende wakiwa wamevaa mavazi ya simba na mifupa huku makoti mazito yakiwa yameyafunika nusu, maana baridi ya Minnesota haingoji Desemba. Wazee wa hapa bado wanasimulia dhoruba ya mwaka 1991, iliyoanza siku hiyohiyo ya Halloween na kumwaga theluji ya sentimita zipatazo 72 katika miji yetu hii miwili, Minneapolis na St. Paul. Na kaskazini kidogo tu ya hapa, pale mto Rum unapoingia Mississippi, uko mji wa Anoka, unaojiita mji mkuu wa Halloween wa dunia, ambao ulianza sherehe zake za mji mzima mwaka 1920 ili vijana wapate la kufanya badala ya kuwafungulia watu ng'ombe usiku na kuwapaka sabuni madirishani.

Najua wapo miongoni mwetu wasioipenda sikukuu hii, na sina nia ya kubishana nao. Jina lenyewe linatokana na mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na kwa sisi Walutheri tarehe hiyohiyo ni Siku ya Matengenezo ya Kanisa, kwa hiyo nyumbani kwetu jioni hiyo hubeba mambo mawili bila kugombana. Nimechagua tu kutooka mafuvu wala wachawi. Natengeneza maboga, popo, majani ya vuli, utando wa buibui na mizuka inayotabasamu, basi. Tena kilichonivuta zaidi ni kwamba vitafunio vya siku hizi vina asili ya zamani: Uingereza ya kale, watoto na maskini walipita nyumba kwa nyumba mwanzoni mwa Novemba wakiwaombea marehemu, nao wakapewa vikeki vidogo vilivyotiwa viungo. Waairishi waliovuka bahari kwa wingi baada ya njaa kuu ya miaka ya 1840 walikuwa na desturi ya kuchonga taa kwenye turnipu, mboga ya mzizi wa duara, na Marekani wakalikuta boga, ambalo ni kubwa zaidi na laini zaidi kuchonga. Niliposoma habari za vile vikeki vya viungo, niliirudisha hiliki ya kwetu kwenye donge langu bila wasiwasi wowote.

Sasa donge. Napima siagi halisi gramu 225, sukari gramu 200, yai moja, kijiko cha chai cha vanila, unga wa ngano gramu 400, nusu kijiko cha chai cha beking poda, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na kijiko kimoja cha chai cha hiliki niliyoitwanga mwenyewe, kwa sababu hiliki ya kopo hupoteza harufu ikishafunguliwa. Siagi iwe imelainika bila kuyeyuka. Naipiga pamoja na sukari mpaka ichanganyike vizuri, kisha naacha. Ukiipiga mpaka iwe nyeupe na nyepesi kama ya keki, umeingiza hewa, na hewa hiyo ikikutana na moto itazitanua biskuti mpaka popo apoteze masikio. Beking poda nayo ni kidogo kwa sababu hiyohiyo. Wengine hawatii kabisa, ila mimi napenda biskuti isiwe ngumu sana kwenye jino.

Donge likishashikana nalisukuma palepale, likiwa bado laini, katikati ya karatasi mbili za kuokea, mpaka unene ufike milimita sita. Kisha naliingiza kwenye friji likiwa tayari bapa, kwa saa moja au zaidi. Zamani nililiweka kwenye friji likiwa bonge moja, halafu nikapigana nalo kwa mpini wa chapati likiwa gumu kama jiwe. Utaratibu huu wa kulisukuma kwanza umenipunguzia kazi kwa nusu. Baada ya kukata maumbo, trei inarudi kwenye friji kwa dakika kama 15, ndipo inaingia kwenye oveni yenye nyuzi 175 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 12, mpaka kingo zianze kushika rangi kidogo huku katikati pakiwa bado peupe. Wanangu wanajua sheria moja isiyo na msamaha, nayo ni kwamba donge bichi halilambwi, kwa sababu ya yai na kwa sababu ya unga pia, maana unga mbichi unaweza kubeba vijidudu vya kuumiza tumbo sawa na yai.

Kuhusu vikatio, sina vingi. Nina boga, popo, jani, duara, na ua la tulipu. Hilo ua ndilo mzuka wangu: ukiligeuza juu chini, shina likiwa limekatwa, zile ncha tatu za petali zinakuwa upindo wa shuka linalopepea, na upande wa duara unakuwa kichwa. Mwanangu mdogo ndiye aliyeligundua hilo akiwa anachezea donge, na tangu siku hiyo hatujawahi kununua kikatio cha mzuka.

Sehemu iliyobaki ni aisingi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Ile inayokauka ikawa ngumu na laini juu haina siagi ndani yake. Ni sukari ya unga gramu 450, vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ute wa yai, na vijiko vitano au sita vya chakula vya maji ya vuguvugu, vyote vikipigwa kwa mashine kwa dakika saba hadi kumi mpaka visimame kama povu zito. Natumia ute wa unga badala ya ute mbichi wa yai kwa ajili ya usalama wa watoto. Bakuli na michapo lazima viwe havina mafuta hata kidogo, kwani chembe ya siagi iliyosalia tangu asubuhi inatosha kulizuia povu lisisimame.

Aisingi hiyo ikishakuwa tayari, naigawa kwenye vibakuli na kuanza kuitia maji tone kwa tone. Ya kuchorea mipaka inabaki nzito, ukiichota kwa kijiko ncha yake inajikunja kidogo bila kuanguka. Ya kujazia inapaswa kuwa nyepesi kiasi kwamba ukiikata kwa kisu juu yake, ule mstari unafunika na kupotea baada ya kuhesabu kumi hadi kumi na tano. Ukipotea kabla ya kumi, aisingi itavuka mpaka na kumwagika pembeni. Ukikaa mpaka ishirini, itakauka ikiwa na mabonde. Nahesabu kwa sauti, na watoto huhesabu pamoja nami. Vijiko vya maji vilivyoandikwa kwenye mapishi yoyote, hata haya yangu, ni makadirio tu, kwa sababu sukari hubadilika na hewa ya jikoni hubadilika, lakini kule kuhesabu hakujawahi kunidanganya.

Boga nalijaza vipande kwa vipande. Najaza mapande ya kwanza, ya tatu na ya tano, nangoja kama nusu saa mpaka yashike ngozi, ndipo najaza ya katikati. Yale ya kwanza hayachanganyiki na ya pili, na boga linaota mikunjo kama boga la shambani. Ukiyajaza yote kwa mara moja utapata duara la rangi ya chungwa, zuri, lakini halina uhai.

Rangi nyeusi ni somo lake peke yake. Mwaka wa kwanza nilimimina rangi kwenye aisingi nyeupe mpaka karibu nusu ya kichupa, nikapata kijivu cha mawingu ya mvua. Nikaongeza, na nilipopata weusi nilioutaka, biskuti zilikuwa chungu na meno ya kila mtu yalikuwa ya samawati. Siku hizi naanzia kwenye kakao. Nachekecha vijiko viwili vya chakula vya kakao ndani ya aisingi, inakuwa ya kahawia, ndipo natia rangi nyeusi ya jeli, kidogo tu, na nasimama ikiwa bado inaonekana kijivu cheusi. Naifunika isiote ngozi na kuilaza usiku kucha. Asubuhi inakuwa nyeusi kuliko nilivyoiacha, kwa sababu rangi hizi hukolea zenyewe kadiri muda unavyopita. Rangi ya chungwa pia hukolea hivyo, basi naiacha usiku ikiwa imepauka kidogo.

Utando wa buibui ndio unaowafurahisha wageni, ingawa ni rahisi kuliko yote. Biskuti ya duara inajazwa nyeusi, na palepale, ikiwa bado mbichi, nachora juu yake kwa aisingi nyeupe duara tatu au nne, moja ndani ya nyingine. Zote mbili ziwe na wepesi mmoja, yaani zinazopotea kwa hesabu ileile, la sivyo nyeupe itabaki imesimama juu kama uzi. Kisha nachukua kijiti cha meno na kukivuta kutoka katikati kwenda ukingoni, mara nane, nikikifuta kila mara. Mstari mweupe unafuata kijiti, unajipinda, na utando unatokea wenyewe mbele ya macho yako. Una kama dakika moja tu ya kufanya hivyo. Simu ikilia, iache ilie.

Mzuka unataka kinyume chake. Mwaka wa pili niliuwekea macho meusi baada ya saa mbili, juu ya nyeupe iliyoonekana kavu, na kesho yake nikakuta macho yote yamesambaa yakawa madoa ya kijivu, biskuti ishirini na nne. Juu palikuwa pakavu, chini palikuwa na maji bado, na nyeusi ikayafuata hayo maji. Nilisikitika kweli, kwa kuwa zilikuwa za darasa la mwanangu mkubwa. Tangu hapo nyeupe inalala kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kabla haijaguswa na rangi nyeusi, na nazipanga siku zangu kwa kufuata hilo: jioni ya kwanza kuoka, ya pili kujaza, ya tatu macho na midomo. Feni ndogo ya mezani, ikipuliza polepole, husaidia aisingi ikauke haraka, ing'ae, na isididimie katikati. Huku Minnesota mashine ya kupasha nyumba joto huikausha hewa mwishoni mwa Oktoba, nasi tunafaidika nayo. Anayeoka Tanga au Mombasa, ambako hewa ina maji mengi, ajaribu aisingi nzito kidogo zaidi, atumie feni bila kuizima, na asiziweke kamwe biskuti zilizopambwa kwenye friji, kwani zikitoka zitatokwa na jasho na rangi zitachuruzika.

Watoto wanaogonga mlango jioni ya tarehe 31 siwapi biskuti hizi. Wazazi huku wanapendelea peremende zilizofungwa kiwandani, na nawaelewa, kwa sababu hata mimi nakagua ndoo za wanangu kabla hawajala. Biskuti ni za watu wanaolijua jiko langu: wenzangu wa zamu ya usiku, walimu wa Shule ya Jumapili, na bibi jirani wa mkono wa kulia. Kila bati naliwekea kikaratasi kinachosema ndani mna ngano, mayai na siagi, maana wenye mzio ni wengi, na mtaani kwetu zipo nyumba zinazoweka mlangoni boga la rangi ya kijani-buluu kuonyesha kwamba humo watoto wanapewa vitu visivyoliwa.

Mwaka jana mwanangu mdogo alisisitiza alipeleke bati la bibi jirani peke yake. Alivaa buti, akalikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akavuka majani yaliyoganda kwa hatua ndogondogo huku mimi nikimtazama kutoka mlangoni. Bibi alilifungua palepale kizingitini, akachagua mzuka, akaung'ata kichwa. Mama yangu, ambaye alikuwa anatuangalia kwa simu kutoka Tanga, aliuliza kama ndani nimetia hiliki. Asubuhi yake bati lilirudi likiwa limejaa matufaha.